Alama Nne Kando ya Jina Langu

Mimi ni mtu wa kushuku. Mume wangu husema ningeweza kumshuku hata muadhini kwamba ameadhini kabla ya wakati, na sikatai, maana nimewahi kutazama saa. Miaka zaidi ya ishirini ya kufundisha jiografia katika skuli ya sekondari haikunisaidia. Mtoto akinijibu sawasawa tena upesi, jambo la kwanza ninalotafuta ni karatasi aliyoificha. Kwa hiyo posa ya binti yangu ilipokuja kutoka Shumba, wenzangu nyumbani walipokea halua wakasema alhamdulillahi, mimi nikapokea halua nikajiuliza kwa nini wametuchagua sisi.

Mposaji mwenyewe hakuwa na kasoro, na hilo ndilo lililoniudhi. Umri wake thelathini na kitu, kazi yake bandarini Wete, mpole, msikiti haumpiti. Alikuwa mtoto wa mwisho wa nyumba iliyopakana na ya wazazi wangu huko Shumba, kabla sisi hatujahamia Gombani. Wazazi wake wote wawili walikwisha kufa, na wangu pia. Binti yangu alikuwa anamtaka. Hakuniambia, lakini wageni walipoondoka aliosha vikombe vyote bila kuagizwa, nami nikajua.

Niliomba wiki tatu kabla ya kutoa jibu. Hakuna aliyeshangaa, maana kwetu watu huulizana nasaba kwanza: nani kazaliwa na nani, nani maharimu wa nani, wapi damu zimekwisha kukutana. Nikasema nitaitazama nasaba ya kaka.

Kaka yangu ndiye aliyekuwa ameikusanya nasaba yetu. Alikuwa mwalimu wa chuo, watoto wakimsomea Kurani asubuhi, na jioni anatembea na daftari lake Mgogoni na Shumba na vijiji vya katikati, anakaa na wazee na kuwauliza habari za watu waliokufa. Akirudi anayaingiza yote katika laptopu yake ya Windows, ndani ya programu maalumu ya kupanga vizazi. Ukigusa jina la mtu unamwona baba yake, mama yake, wake zake, watoto, na chini yake pana ukurasa wa maelezo. “Mali bila daftari hupotea bila habari,” alikuwa akisema, na mali kwake ilikuwa watu. Tulimcheka. Alifariki mwaka juzi kwa sukari, na miezi michache baadaye laptopu yake nayo ikazimika.

Fundi wa kompyuta wa Chake Chake, mtu wa rika langu niliyekuwa simwamini tangu siku aliponirudishia mashine yangu ikiwa na skurubu moja pungufu, alifanikiwa kuchomoa vitu viwili tu kwenye ile laptopu kabla haijafa kabisa: programu yenyewe na faili la nasaba. Vyote alivitia katika flashi moja, nami nikaifunga flashi katika leso na kuiweka kabatini.

Tabu ni kwamba mashine yangu haikuwa na Windows. Fundi huyohuyo alikuwa ameiondoa kwa sababu ya virusi akaniwekea Linux, akasema ni ya bure na virusi havina haja nayo. Kitu cha bure mimi hukishuku mara mbili. Sasa programu ya kaka ikawa haifunguki humo, kwa kuwa ilitengenezwa kwa Windows na haijui lugha nyingine. Nikamwambia fundi, umeona? Akacheka. Akasema dawa ipo: kuna programu inayokaa katikati kama mkalimani. Programu ya kaka itauliza mambo yake kwa Kiwindows, mkalimani ataigeuzia Linux, kisha atarudisha jibu kwa Kiwindows, na programu ya kaka itaamini iko nyumbani kwake.

“Kwa hiyo tunaidanganya,” nikasema.

Akasema si uongo hasa. Nikamuuliza huyo mkalimani anaitwaje, akasitasita, akanitajia jina ambalo kwa Kiingereza maana yake ni mvinyo. Nikafikiri ananichezea shere. Lakini kilipotokea kile kijialama kwenye kioo, kilikuwa bilauri ya mguu mrefu, na ndani yake kitu chekundu. Nilikitazama kwa muda mrefu. Nasaba ya watu waliokufa na shahada midomoni, aliyoiandika mwalimu wa chuo, inabidi kupita kwenye bilauri ya ulevi ndipo ionekane. Nilimwambia fundi akibadilishe kijialama, akakibadilisha, akaweka picha ya folda. Nilirudi nyumbani nikiwa na wasiwasi uleule.

Ilifunguka, lazima niseme kweli. Polepole, herufi ndogondogo, vitufe vimesogea mahali pasipo pake, lakini ilifunguka. Babu akatokea, na bibi, na chini yao sisi sote, mamia ya majina kwenye visanduku. Nililia kidogo. Jina la kaka lilikuwa na tarehe moja tu, ya kuzaliwa, kwa kuwa hakuna aliyeingia humo baada yake.

Halafu nikaliona jina langu. Mbele yake, mahali pa kuandikia cheo cha mtu, palikuwa na alama za kuuliza, nne mfululizo.

Nikayatazama majina ya ndugu zangu wengine. Safi. Jina la mama, safi. La baba, safi. Nikagusa langu ili nisome maelezo, nikakuta mistari mitatu, yote alama za kuuliza, mirefu na mifupi, bila neno hata moja. Ilikuwa kama mtu aliyekaa kuandika jambo, kila neno likamshinda, akabakia kuuliza tu.

Mtu wa kushuku hahitaji kusaidiwa. Nilifahamu pale pale, au nilidhani nimefahamu, kwamba kaka yangu aliisikia habari fulani huko Shumba, kwa wazee wale aliokuwa akikaa nao. Habari hiyo ilikuwa ni kwamba mimi si mtoto wa baba yangu. Aliona haya kuiandika na aliona dhambi kuificha, ndipo akaweka alama za kuuliza, tena nne, kama shaka moja haikutosha.

Nilipekua faili zima. Watu wengine wanne walikuwa na alama hizohizo nne, na maelezo ya namna ileile. Mmoja alikuwa ami yangu, mtu mkali wa heshima asiyetaka hata redio ipigwe karibu na nyumba yake. Wawili walikuwa binamu zangu wa Mgogoni, na wa nne mtu wa zamani nisiyemjua. Wiki ile palikuwa na harusi Mgogoni, nikaenda, na badala ya kula pilau nilikuwa natazama pua za binamu zangu nikizilinganisha na pua ya baba yao. Mmoja akaniuliza kama ana kitu usoni. Nikamwambia hapana, nakutazama tu, umependeza.

Nyumbani nilitoa picha pekee ya baba tuliyonayo, ya kipande cha kitambulisho, nikasimama nayo mbele ya kioo. Masikio yangu yametulia karibu na kichwa, yake yamejitokeza. Zamani sikuona neno katika hilo. Sasa nilikumbuka kwamba mama alikuwa akinisuka nywele zifunike masikio, nikaanza kujiuliza alikuwa anaficha nini. Nilikumbuka pia kwamba mwaka niliozaliwa baba alikuwa akisafiri sana kwenda Tanga. Kila jambo la zamani nililoligusa lilikuwa na harufu. Alhamisi ile, nilipokwenda makaburini kumwombea mama kama kawaida yangu, niliisoma dua upesi na kuondoka. Nasema wazi kwamba nilikuwa nimemkasirikia. Mwanamke aliyekufa ameshika mkono wangu, nami nilimkasirikia kwa ajili ya alama nne.

Kuuliza sikuuliza. Shangazi yangu yuko Shumba, mzima, na ningeweza kupanda gari na kufika kabla ya adhuhuri. Lakini nilijua, kama anavyojua kila mtu hapa, kwamba swali kama lile likitoka mdomoni halirudi. Watu wa mposaji wako Shumba hukohuko. Ningemuuliza shangazi chumbani, na jioni lingekuwa kisimani. Nani ataoa kwa mwanamke asiyejulikana baba yake? Nikawaza binti yangu na vikombe vyake.

Basi nikafanya nilichokifanya. Mume wangu alikuwa dukani, binti alikuwa kazini. Nilifungua faili mle mle ndani ya flashi, nikagusa jina langu, nikafuta alama moja moja, zote nne. Nikaingia kwenye maelezo, nikaichagua ile mistari mitatu, nikaifuta. Programu ikaniuliza kama nina hakika. Nikajibu ndiyo. Nikahifadhi, nikafunga. Za wale wanne wengine niliziacha. Kila mtu abebe mzigo wake. Niliona nafuu, siwezi kusema uongo. Jina langu lilikuwa safi kama la ndugu zangu.

Siku mbili baadaye tulitoa jibu: tumekubali. Wageni walikuja tena, tukaahidiana mwezi wa harusi. Mzee mmoja wa upande wao, aliyekuwa akimjua kaka, akasema angependa kuiona ile nasaba maarufu, na ikiwezekana wapewe nakala. Nikasema hapana taabu, nitaichapisha kwenye karatasi kubwa. Niliona hata fahari. Sasa nilikuwa na karatasi isiyoweza kunitia aibu.

Karatasi kubwa huchapishwa kwa fundi. Nilimpelekea mashine na flashi asubuhi, nikakaa kwenye benchi lake nikimchunga mikono. Alifungua faili, akashuka nalo, akasimama kwenye jina la ami.

“Mwalimu, mbona hamkunambia? Haya yaharibika haya.”

Nikamuuliza yapi, kwa sauti ya mtu asiyejua.

Akanielekeza zile alama za kuuliza. Akasema hakuna mtu aliyeziandika. Kuna maandishi pale, na mkalimani hakufunzwa kuyasoma. Programu za Windows za zamani, akasema, huambiwa mwanzo kabisa mashine ni ya lugha gani, na mashine yangu ilimwambia mkalimani kwamba hapa ni Kiingereza tu. Akikutana na herufi ya lugha nyingine hujibu kwa alama ya kuuliza, moja kwa kila herufi. Yeye fundi ndiye aliyesahau, akaomba radhi, akasema hakufikiri nasaba ya Kipemba itakuwa na herufi nyingine. Akaandika mstari mmoja mfupi, akafunga, akafungua tena.

Zile alama nne kando ya jina la ami zikawa herufi nne za Kiarabu. Sikuhitaji kuzisoma mara ya pili. Re, dhadi, alifu, aini. Radhaa. Kunyonya.

Nitaeleza kwa asiyejua. Mtoto akinyonyeshwa na mwanamke asiyekuwa mama yake, mwanamke huyo huwa mama yake wa ziwa, na watoto wote wa mwanamke huyo huwa ndugu zake. Hawaoani. Wala watoto wa huyo aliyenyonya hawaoani na ndugu zake hao, kwa kuwa hao ni wajomba na mama wadogo zao. Ni sharia, na hapa Pemba ni jambo la kila siku kama chumvi. Programu ya kaka, iliyotengenezwa na watu wa mbali, ilikuwa na mahali pa mtoto wa kuzaa na mahali pa mtoto wa kulea. Mahali pa mtoto wa ziwa haikuwa nayo. Kwa hiyo kaka aliandika pa kuwekea cheo, na kwa kuwa mambo ya sharia alizoea kuyaandika kwa herufi alizosomea sharia, aliyaandika kwa Kiarabu. Katika maelezo ya ami ikasomeka yote: aliyemnyonyesha, kijiji, mara alizonyonya, zaidi ya zile tano zinazotakiwa na sharia, na jina la aliyeshuhudia. Ya binamu zangu hivyohivyo. Walinyonyeshwa na mama mmoja wa jirani baada ya mama yao kuumwa. Pua zao zilikuwa za baba yao siku zote.

Fundi akafika kwenye jina langu, akapita. Palikuwa safi.

Nikamwambia arudi. Akarudi. Nikamwambia agonge maelezo. Akagonga, ukurasa mweupe. Nikamuuliza kama kilichofutwa kinarudi. Akaniuliza kilifutwa wapi, nikamwambia humo humo ndani ya flashi. Akaniuliza kama nina nakala nyingine, nikamwambia sina. Alihangaika nayo mpaka baada ya swala ya alasiri, na kwa mara ya kwanza sikumshuku kwa lolote. Hakupata kitu.

Mposaji wa binti yangu ni mtoto wa mwisho wa jirani yetu wa Shumba. Mtoto wao wa umri wangu alifariki mdogo, hilo nilikuwa nimelisikia siku nyingi. Maana yake mwaka niliozaliwa mimi, nyumba ile ilikuwa na mama anayenyonyesha. Nilipowaza maharimu, niliwaza wa binti yangu: yeye nilimnyonyesha mwenyewe, nikajiona nimemaliza. Wa kwangu hawakunipitia akilini.

Kesho yake nilikwenda kwa shangazi. Nilimkuta anasuka ukili wa mkeka, nikampa shikamoo, akaniuliza watu wa nyumbani mmoja mmoja mpaka wakamalizika. Kisha nikamuuliza nani alininyonyesha.

Hakushangaa hata kidogo. Akasema mama yangu alipata homa kali ya uzazi, maziwa yakakatika kwa siku arubaini zote, na mimi nilikuwa mlafi. Nikapitishwa nyumba tatu. Akanitajia mwanamke wa kwanza, na wa pili. Wote wawili nawajua, na watoto wao nawajua, na hakuna aliyehusika na posa yetu. Nikamuuliza wa tatu. Akaacha kusuka, akafikiri, akatikisa kichwa. Nikamtajia mama wa mposaji. Akasema yawezekana, tena yawezekana sana, nyumba ilikuwa pale pale. Lakini hatamsingizia maiti.

“Shangazi, jaribu kukumbuka.”

“Kaka'ko kaja hapa, kakaa hapo ulipokaa weye. Nkamwambia wote watatu, kaandika. N'lipoona keshaandika, nkaiwacha. Kitu kishaandikwa, mie nikae nacho kichwani cha nini?”

Akanitazama, akaona uso wangu, akaniuliza kwani daftari la kaka limepotea. Madaftari yake tulikuwa tumeyatafuta. Aliyokuwa akimaliza kuyaingiza kwenye laptopu aliyachoma, kwa kuwa yalikuwa na majina ya watu na hakutaka yafungiwe karanga. Nikamwambia shangazi ndiyo, limepotea. Hata pale nilikuwa sijapata nguvu ya kusema nimefuta.

Shehe niliyemwendea alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema shaka peke yake haiharamishi ndoa, hakuna ushahidi, wanaweza kuoana. Kisha akasema pia kwamba mwenye kuliepuka la shaka ameilinda dini yake, na hilo la pili hakulisema kwa nguvu. Akaniambia wenyewe waambiwe wachague.

Nilimwambia binti yangu jikoni, kila kitu, tangu bilauri mpaka shangazi. Hakunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza nilipoziona zile alama nilimshuku nani. Nikamwambia nilimshuku bibi yake.

“Ndiyo maana hukuuliza,” akasema.

Akageuza chapati, akaitoa, akaweka nyingine. Nikamwambia alivyosema shehe, kwamba anaruhusiwa, na kwamba mimi sitamzuia. Nikamwambia huenda wala si yule, huenda mwanamke wa tatu alikuwa mtu mwingine kabisa.

“Mama, nikae naye miaka yote, nizae naye, na kila nikimtazama najiuliza kama huyu ni mjomba wangu?” Alisema bila kupandisha sauti. “Weye ungeweza?”

Ananijua. Jumapili nilikwenda Shumba na mume wangu kurudisha posa. Wazee wao wakauliza sababu, na mume wangu alikuwa ameandaa maneno mazuri ya kuwaambia. Nikamtangulia. Nikawaeleza ile mistari mitatu ya alama, moja kwa kila herufi: ilikuwa imeandikwa, nami nikaifuta kwa mkono wangu. Mposaji alikuwa amekaa karibu na mlango. Akaniuliza, kwa adabu, kama ninakumbuka mistari ile ilikuwa mirefu kiasi gani, na kama neno la mwisho lilikuwa na herufi tano au sita, kwa sababu jina la mama yake lina herufi tano.

Nikamwambia sikuhesabu.